Kovu la ini au kovu la moyo: ushike lipi kwenye tasnifu yako?

Ukiwa Dodoma unasoma uzamili wa patholojia, fiziolojia au baiolojia ya tiba, na umeshaamua kuandika kuhusu chanzo cha kovu ndani ya kiungo, bado kuna uamuzi mmoja unaokusubiri: ini au moyo. Vyote viwili vimechunguzwa kwa miongo mingi, vyote vinawaua ndugu zetu wakiwa bado na nguvu za kazi, na ukiwauliza wasimamizi wawili kila mmoja atakuvutia upande wake. Wengi huamua kwa ugonjwa uliowagusa nyumbani, baba aliyeishi na presha miaka mingi au shangazi aliyetapika damu. Sababu hiyo ina uzito wake na siidharau. Tatizo ni kwamba haikuambii kama swali lako litajibika kwa vifaa ulivyonavyo.

Nitavipima viungo hivi kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni uhakika tulionao kuhusu seli inayotengeneza kovu. Cha pili, kovu likishajengeka linaweza kurudi nyuma au ndiyo basi. Cha tatu, wagonjwa na vinyama unavyoweza kuvifikia ukiwa kanda ya kati. Cha nne, kazi ya maabara yenyewe, yaani panya, seli, rangi na hadubini. Cha tano, data ambazo wenzetu wameshaziweka wazi. Kigezo cha kwanza nitakikalia zaidi ya vingine, kwa sababu ndicho kinachoamua swali lako litakuwa la aina gani.

Kwanza, wanachofanana

Kovu la ndani ni kolajeni iliyozidi, hasa ya aina ya I na ya III, iliyojaa mahali palipopaswa kuwa na seli zinazofanya kazi. Anayeimwaga ni mayofaibroblasti, seli yenye nyuzi za kujikunja ndani yake kama misuli. Kwenye ini au moyo wenye afya karibu huioni kabisa. Hujitokeza baada ya jeraha, ikiamshwa na vichocheo kama TGF-beta, na kila ugonjwa una njia yake ya kuviamsha vichocheo hivyo.

Swali lililowagawa watafiti kwa muda mrefu ni hili: kabla ya kuwa mayofaibroblasti, seli hii ilikuwa nani? Washukiwa walikuwa wanne. Inaweza kuwa seli mkaazi wa kiungo chenyewe, iliyokuwa imetulia. Inaweza kuwa imetoka kwenye uboho wa mifupa ikaletwa na damu. Inaweza kuwa seli kuu ya kiungo, mathalani seli ya ini, iliyojigeuza. Au inaweza kuwa seli ya utando wa ndani wa mishipa ya damu iliyouacha utando wake na kuanza maisha mapya.

Ugomvi huo uliamuliwa kwa mbinu ya kufuatilia ukoo wa seli. Mtafiti anatengeneza panya ambaye kundi moja tu la seli zake linabeba kimeng'enya kiitwacho Cre, na kimeng'enya hicho kinawasha alama ya rangi isiyofutika ndani ya vinasaba. Ni sawa na mfugaji anayepiga ng'ombe wake chapa kabla hawajachanganyika na wa jirani kwenye lambo: hata ng'ombe akinenepa, akikonda au akizeeka, chapa itasema ametoka zizi gani. Udhaifu wa mbinu hii uko kwenye chapa yenyewe. Ikipigwa kwa ng'ombe wasio wako, hesabu yote inaharibika, na sehemu kubwa ya ubishi wa miaka ya 2000 ilitokana na chapa zilizopigwa ovyo.

Asili ya seli: ini

Hapa jibu lina nguvu. Mwaka 1876 Karl Wilhelm von Kupffer, akitumia kloridi ya dhahabu kupaka rangi vipande vya ini, aliona seli zenye umbo la nyota. Baadaye alizichanganya na seli nyingine, walaji wa uchafu wanaokaa ndani ya vimishipa vya ini, na hao ndio waliobaki na jina lake hadi leo. Mwaka 1951 Mjapani Toshio Ito alieleza seli za ini zinazotunza mafuta. Ni mwaka 1971 tu ambapo Kenjiro Wake alionyesha kwamba seli nyota za Kupffer na seli za mafuta za Ito ni zilezile, na kwamba mafuta yale yamebeba vitamini A. Karibu karne nzima ilipita kabla ya kufahamika kwamba majina haya mawili ni ya seli moja. Nalieleza hili kwa sababu mwanafunzi akifungua makala za zamani atalikuta, na asipojua atapotea.

Seli nyota hukaa kwenye upenyo mwembamba uitwao nafasi ya Disse, kati ya seli kuu za ini na utando wa vimishipa. Zinatunza sehemu kubwa ya vitamini A ya mwili mzima. Ini likijeruhiwa, iwe kwa virusi, pombe, mafuta au nyongo iliyokwama, zinapoteza matone yake ya vitamini A, zinatanuka, zinaongezeka na kuanza kumwaga kolajeni.

Mwaka 2013 Ingmar Mederacke na wenzake, katika maabara ya Robert Schwabe kule New York, walizipiga chapa seli hizi kwa kutumia jini (kinasaba) ya Lrat, inayohusika na utunzaji wa vitamini A. Waliwajeruhi panya kwa njia mbalimbali: sumu, nyongo iliyozibwa, ini lenye mafuta. Asilimia 82 hadi 96 ya mayofaibroblasti walikuwa na chapa ya seli nyota. Madai kwamba seli kuu za ini hujigeuza kuwa watengeneza kovu, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalikuwa yameshapingwa mwaka 2010 na Kojiro Taura na wenzake, ambao walizipiga chapa seli hizo na hawakuona zikigeuka.

Kuna mshirika mmoja wa kumheshimu: faibroblasti za kwenye njia za mlango wa ini, zinazozunguka mirija ya nyongo. Jeraha likianzia kwenye mirija hiyo, hizi huamka mapema, na mwaka 2014 kundi jingine la watafiti lilionyesha kwamba siku za mwanzo baada ya mrija wa nyongo kufungwa ndizo zinazoongoza. Ukubwa wa mchango wao bado unabishaniwa. Kwa msomaji wa Tanzania ubishi huu una maana ya pekee, kwa sababu kovu la kichocho cha tumbo hukaa hapohapo. Mayai ya Schistosoma mansoni hukwama kwenye matawi madogo ya mshipa wa mlango wa ini na kovu hulizunguka tawi, likawa nene kama shina la kiko. William Symmers alilieleza mwaka 1904. Seli kuu za ini hubaki na afya kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana mgonjwa anaweza kutapika damu nyingi kutoka kwenye mishipa ya koo la chakula iliyovimba, ilhali macho yake hayana manjano hata kidogo. Nani hasa, kati ya seli nyota na faibroblasti za mlango wa ini, anajenga kovu lile ndani ya binadamu? Hapo pana nafasi ya kazi.

Asili ya seli: moyo

Moyo ulichelewa kupata jibu, na jibu lenyewe lina matawi. Mwaka 2007 Elisabeth Zeisberg na wenzake walidai kwamba sehemu kubwa ya faibroblasti za kovu la moyo, kiasi cha robo hadi theluthi, hutokana na seli za utando wa mishipa zilizojigeuza. Dai hilo lilishika, na bado utalikuta kwenye slaidi za mihadhara mingi likisomwa kana kwamba ni neno la mwisho.

Mwaka 2014 makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake, mojawapo la Thomas Moore-Morris akiwa na Sylvia Evans, yaliwafuatilia panya waliobanwa mshipa mkuu ili moyo usukume kwa shinikizo kubwa. Walichokiona ni faibroblasti wakaazi wakiongezeka. Uboho na mishipa ya mtu mzima havikuchangia kwa kiasi cha maana. Mwaka 2016 Onur Kanisicak, katika maabara ya Jeffery Molkentin kule Cincinnati, alitumia jini ya periostini, inayowaka seli inapoanza kutengeneza kovu, pamoja na jini ya Tcf21, inayotambulisha faibroblasti zilizotulia. Matokeo yaliangukia palepale: mayofaibroblasti wa moyo ni faibroblasti wakaazi walioamshwa.

Utamu wa moyo ni kwamba wakaazi hao wana nasaba tofauti. Wengi wao, moyo ukiwa bado unaumbika tumboni, walitoka kwenye utando wa nje wa moyo. Wengine, hasa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya chini, walitoka kwenye utando wa ndani. Kwa hiyo utando wa mishipa una sehemu yake kwenye hadithi hii, ila ni sehemu ya enzi za kiinitete, wala si ya siku ya jeraha. Nadhani wengi waliochanganyikiwa walichanganya nyakati hizi mbili. Mtu akikuuliza kwenye utetezi wa tasnifu kama seli za mishipa huzaa kovu la moyo, muulize kwanza: lini?

Kuna jambo la pili, na hili ni la hesabu. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba faibroblasti ndizo nyingi kuliko seli zote za moyo zisizo za misuli. Mwaka 2016 Alexander Pinto na wenzake walihesabu upya kwa njia kadhaa, wakakuta seli za mishipa ndizo zinazozidi, zaidi ya asilimia 60 ya seli zisizo za misuli, na faibroblasti hazifiki asilimia 20. Ukiandika sura yako ya pili ukanukuu namba ya zamani, mtahini aliye makini atakukamata.

Na seli hizi hazibaki mayofaibroblasti milele. Mwaka 2018 Xing Fu na wenzake walionyesha kwamba baada ya shambulio la moyo kwa panya, faibroblasti huongezeka siku chache za mwanzo, huwa mayofaibroblasti, kisha kovu likikomaa hugeuka tena kuwa aina nyingine iliyotulia, yenye jini za gegedu na mfupa, inayokaa ndani ya kovu na kulitunza. Wakaiita matrifaibrosaiti. Ini lina kitu chake kinachokaribiana na hiki, kama utakavyoona.

Kovu kurudi nyuma: ini

Ini linaongoza kwa mbali. Mwaka 2013 matokeo ya wagonjwa 348 wa homa ya ini B waliotumia dawa ya tenofovir miaka mitano, na kufanyiwa biopsi (kuchukuliwa kinyama cha ini) mwanzo na mwisho, yalichapishwa na Patrick Marcellin na wenzake. Nusu yao kovu lilipungua. Kati ya 96 waliokuwa na sirosisi, yaani ini lililosinyaa kwa kovu, mwanzoni, 71 hawakuwa nayo tena. Tulizoea kuwaambia wagonjwa kwamba ini likishasinyaa halirudi. Kwa mgonjwa wa homa ya ini B anayetumia dawa vizuri, kauli hiyo si sahihi kwa wengi.

Kwa upande wa seli, mwaka 2012 makundi mawili yalionyesha kwa panya kwamba jeraha likikoma, sehemu ya mayofaibroblasti hufa, na karibu nusu hurudi kwenye utulivu. Hazirudi kuwa kama zamani kabisa. Zikijeruhiwa tena huamka haraka zaidi. Ni ugunduzi unaonifikirisha kila nikikutana na mgonjwa aliyeacha pombe kisha akairudia.

Dawa nazo zimeanza kuonekana: resmetirom iliidhinishwa Marekani mwaka 2024 kwa ini lenye mafuta na kovu la kati hadi kubwa. Hailengi seli nyota moja kwa moja, inapunguza mafuta kwenye seli kuu za ini, na kovu linafuata.

Kovu kurudi nyuma: moyo

Hapa pana ugumu wa kimaumbile. Ini likikatwa theluthi mbili linakua upya. Moyo hauwezi. Mwaka 2009 Olaf Bergmann na wenzake, wakitumia kaboni 14 iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, walikadiria kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 hata nusu asilimia hafikishi. Misuli iliyokufa kwa shambulio la moyo haina wa kuirithi. Kovu ndilo linaloziba pengo, na ukuta ukikosa kovu imara katika siku za mwanzo unaweza kupasuka, mgonjwa akafa papo hapo.

Kwa sababu hiyo, mtafiti wa moyo lazima atenganishe makovu mawili. Liko kovu la kuziba pengo, ambalo kuliondoa ni hatari. Na liko kovu linalojipenyeza kati ya nyuzi hai za misuli kwa wagonjwa wa presha, kisukari na uzee, likaufanya moyo kuwa mgumu kujaa damu. Hili la pili ndilo watu wanalitafutia dawa. Spironolakitoni, kidonge cha bei nafuu kinachopatikana kwenye hospitali zetu, kilipunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa wa moyo ulioshindwa vibaya katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, na inaaminika kwamba sehemu ya faida hiyo inatokana na kuzuia kolajeni. Mbali na hapo kuna majaribio ya kusisimua: mwaka 2022 timu ya Jonathan Epstein kule Philadelphia ilitumia mRNA kuzifundisha seli za kinga za panya, humohumo mwilini, ziziwinde faibroblasti zilizoamka, na moyo ukafanya kazi vizuri zaidi. Kwa binadamu bado ni safari.

Wagonjwa na vinyama tulivyonavyo

Ini: wagonjwa wa homa ya ini B hawakosekani, kwa sababu chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002 na watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Sindano ya biopsi huchukua kinyama chembamba tu, sehemu ndogo mno ya ini zima, kwa hiyo kinaweza kukupotosha, lakini kinapatikana. Usipokuwa nacho, kuna kipimo cha kukadiria kovu la ini kiitwacho APRI, kinachohitaji kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani, vipimo ambavyo hospitali ya rufaa ya mkoa inaviweza. Shirika la Afya Duniani limekipendekeza kwa mazingira kama yetu. Wa kichocho cha tumbo wengi wako Kanda ya Ziwa, hivyo panga ushirikiano mapema.

Kuna mtego mmoja wa kwetu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na tangu hapo wanafunzi wengi wanataka kuiunganisha na kovu la ini. Ushahidi wenye nguvu wa sumukuvu ni kuua ini ghafla kwa dozi kubwa, na kuleta saratani kwa dozi ndogo za muda mrefu, hasa kwa mwenye homa ya ini B. Kovu lenyewe si mahali pa kuanzia, labda uwe na msimamizi anayeijua sumu hiyo kwa kina.

Moyo: wagonjwa wapo tele, wa presha, wa homa ya baridi yabisi iliyoharibu vali, wa moyo uliotanuka baada ya kujifungua. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za kibingwa za moyo, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako upasuaji wa vali hufanyika. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, kwenda na kurudi na sampuli si mateso tena. Kinyama cha moyo ndiyo shida. Huwezi kumchoma mgonjwa wa presha moyoni kwa ajili ya tasnifu, na kamati ya maadili haitakuruhusu, kwa haki kabisa. Utategemea vipande vinavyotolewa wakati wa upasuaji, au maiti, na ndugu wengi hawapendi mpendwa wao apasuliwe. MRI yenye dawa ya gadolinia huonyesha kovu la moyo vizuri, ila ni ghali.

Kwa anayependa fumbo la Afrika Mashariki, kuna kovu la utando wa ndani wa moyo lililoelezwa na Jack Davies akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1948. Linawapata vijana na watoto wa maeneo ya joto, Uganda na pwani ya Msumbiji wakiwemo, na hadi leo chanzo chake hakijathibitishwa. Seli iliyoanzisha kovu lile haijafuatiliwa kama ilivyofuatiliwa ya shambulio la moyo.

Kazi ya maabara

Panya wa ini ni rahisi kumuandaa: kaboni tetrakloridi iliyochanganywa na mafuta, sindano ya tumboni mara mbili kwa wiki, na baada ya wiki nne kovu linaonekana. Ukiacha sindano, kovu linaanza kupungua, kwa hiyo panya walewale wanakupa kovu na uponaji. Kemikali yenyewe ni sumu kwa ini lako pia. Bila kabati la kuvuta hewa, usiifungue. Panya wa shambulio la moyo anahitaji kufunguliwa kifua akiwa kwenye mashine ya kupumulia, na mshipa mwembamba kuliko uzi wa kushonea ufungwe bila kutetemeka. Wanaoanza hupoteza panya wengi. Njia nyepesi ni sindano za isoproterenoli chini ya ngozi, ambazo huleta kovu la kujipenyeza bila kisu.

Kwenye seli, ini lina raha yake. Ini likiyeyushwa kwa vimeng'enya na kuzungushwa kwenye mashine, seli nyota huelea juu kwa sababu ya mafuta yake, na ukizimulika kwa mwanga wa urujuanimno hung'aa buluu-kijani kwa sekunde chache, kisha mng'ao unafifia machoni pako. Faibroblasti za moyo hutenganishwa kwa subira tu: mimina mchanganyiko kwenye sahani, ngoja saa moja au mbili, zile zilizoshika chini ndizo, mwaga zilizobaki juu. Zote mbili zina adui mmoja, plastiki ya sahani. Ni ngumu mara maelfu kuliko kiungo chochote laini, na seli huihisi. Ndani ya wiki moja seli nyota iliyotolewa kwenye ini zima inakuwa imejiamsha yenyewe bila jeraha lolote. Ukiandika kwamba dawa yako imezuia kuamka, hakikisha una kundi la kulinganisha lililokuzwa juu ya jeli laini.

Kwenye slaidi, rangi ya sirius nyekundu, inayopaka kolajeni, inatosha kwa viungo vyote viwili na bei yake inavumilika. Tofauti iko kwenye kingamwili ya alpha-SMA, protini ya nyuzi za kujikunja za mayofaibroblasti. Kwenye ini, nje ya kuta za mishipa, ikiwaka kando ya vimishipa unajua seli nyota zimeamka. Kwenye moyo wenye kovu la zamani unaweza kukuta kolajeni imejaa uwanja wote na alpha-SMA haionekani, kwa sababu wajenzi wameshakuwa matrifaibrosaiti. Mwanafunzi asiyejua hili huandika kwamba upakaji rangi umefeli.

Data zilizo wazi

Hapa viungo vinakaribiana. Mwaka 2019 timu ya Edinburgh ilisoma zaidi ya seli 100,000 kutoka kwenye maini ya binadamu yenye afya na yenye sirosisi. Mwaka 2020 ilitoka ramani ya seli za moyo wa binadamu yenye karibu nusu milioni ya seli na viini, kutoka kwa wachangiaji 14, na mwaka 2022 ikafuata ramani ya shambulio la moyo inayoonyesha kila seli ilikaa wapi. Zinapakuliwa bure. Unahitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha, lugha ya programu ya R au Python, na intaneti ya usiku ambapo bando ni nafuu. Ramani ya moyo ina utajiri wa aina za faibroblasti. Ya ini inakupa mgonjwa na mzima kwenye utafiti mmoja, jambo linalorahisisha kulinganisha.

Uamue kwa hali yako

Kama una mwaka mmoja, bloku za nta (vinyama vilivyohifadhiwa ndani ya nta) kwenye kabati la patholojia na bajeti ya rangi tu, ini litakupa tasnifu inayokamilika. Uliza swali dogo: kwenye biopsi za homa ya ini B, eneo lenye alpha-SMA linalingana vipi na APRI ya mgonjwa huyohuyo?

Kama wewe ni daktari wa wodi ya moyo na utarudi huko baada ya masomo, usiuache moyo kwa sababu ini ni rahisi. Ukiwa huna kinyama, fuata ugumu wa moyo kwa ekokadiografia (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) na viashiria vya kolajeni kwenye damu, na uandike waziwazi kwamba unapima kovu kwa mbali, huioni seli.

Anayevutwa na asili ya seli kwa maana ya kiinitete na nasaba ataridhika zaidi na moyo, na ajiandae kumalizia kazi ya panya wenye chapa kwenye maabara ya nje kwa shahada ya uzamivu. Anayevutwa na tiba, na swali la namna seli iliyoamka inavyorudishwa kwenye utulivu, aende kwenye ini, maana huko tayari kuna binadamu waliopona wa kuwachunguza.

Kama huna maabara kabisa bali una kompyuta na subira, chagua kiungo ambacho utampata mwanapatholojia wa kukaa naye. Ramani ya seli itakupa makundi yenye namba, kundi la 4, kundi la 11, na bila mtu aliyeangalia tishu ile kwa miaka hutajua lipi ni ukuta wa mshipa na lipi ni kovu.

Na kama una njia ya kufika Kanda ya Ziwa, ukapata ruhusa ya vinyama vya wagonjwa wa kichocho wanaofanyiwa upasuaji, shika mlango wa ini. Anza na slaidi mbili tu kwa kila mgonjwa, moja ya sirius na moja ya alpha-SMA, pamoja na kibali cha maadili kinachokuruhusu kutunza bloku, ili atakayekuja baada yako na kingamwili bora azikute.